Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Kasisi

Ukuta ule niliuua mimi, na niliuua mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na nilikuwa naona aibu. Mara ya pili nilikuwa na sabini na mbili na nilikuwa naogopa. Watu wa kijiji chetu cha Wennacott wanasema ni mvua, ni uzee wa nyumba, ni mapenzi ya Mungu, maana wananionea huruma, na maana hapa kwetu tumezoea kumsukumia Mungu kila kinachoanguka. Huruma yao wabaki nayo. Mimi naeleza ilivyokuwa.

Nyumba yetu inaitwa Nyumba ya Kasisi mpaka leo, ingawa kasisi wa mwisho kuishi humo alikuwa baba yetu. Alipostaafu Kanisa likaamua kuiuza, kwa sababu makasisi wa siku hizi hukaa kwenye vijumba vya matofali vyenye joto, na baba akainunua mwenyewe kwa urithi wa mama. Ukija kwa njia ya makaburini utauona uso wake: madirisha matano juu, manne chini, mlango katikati na nusu duara ya vioo juu ya mlango, kila kitu kimepimwa kwa rula. Watu husimama barabarani wakapiga picha. Uso huo uliongezwa miaka mia mbili na thelathini iliyopita na kasisi mmoja aliyeoa mke mwenye mali, akataka bibi harusi asijue kwamba ameletwa kwenye nyumba ya mkulima. Ni uso tu. Ukifungua mlango, ukapita ukumbi na sebule, ukateremka ngazi mbili, umeshaingia katika nyumba ya kweli, jiko na ujia na vyumba viwili vya nyuma, na nyumba ya kweli ni ya udongo.

Nasema udongo hasa, ule mwekundu wa shamba la bondeni, uliochanganywa na maji na majani makavu ya ngano, ukakanyagwa na watu na ng'ombe, ukapandishwa tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Ulisimama miaka mia nne. Wazee wa huku husema nyumba ya udongo ipe kofia nzuri na viatu vizuri, itakuzika wewe na wajukuu zako. Kofia ni paa, viatu ni msingi wa mawe. Hakuna aliyesema ipewe koti. Koti nililivalisha mimi.

Kaka yangu Ambrose, aliyenizidi miaka minne, alipofuka akiwa na thelathini na mitatu. Presha ya macho, ya ukoo, ilimruka baba ikamwangukia yeye. Mchumba wake alikuja mara mbili kumwona, mara ya tatu akatuma keki badala ya kuja mwenyewe. Nami sikuolewa, na msinitafutie sababu, sikuolewa tu. Tukabaki wawili.

Nje ya nyumba ile Ambrose alikuwa mzigo. Tukienda mjini, watu walimshika mkono bila kumwuliza, wakamsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba na masikio yamekufa, wakaniuliza mimi kama yeye anataka sukari. Ndani ya nyumba alikuwa mwanaume kamili. Alichemsha chai yake, alikaanga mayai, alipanda maharagwe bustanini na kuyafunga kamba mwenyewe. Alitembea kwa kiganja. Kuta za udongo hazina mstari ulionyooka hata mmoja, zinaingia na kutoka, na yeye alijua kila mahali.

"Kuta za watu wengine ni mabubu," aliniambia siku moja. "Unashika, hazikwambii uko wapi. Hizi zinaongea, tena zina umbea."

Kwa hiyo mjue kilichokuwa hatarini. Sikupigania urithi wala uzuri, na hao wapiga picha wangeweza kwenda na uso wao. Ukuta wa nyuma ukienda, Ambrose angetoka, na akitoka angekuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka afe.

Sasa koti. Mwaka wa themanini na tatu, baada ya ibada ya mavuno, tuliwaandalia chai wanawake wa kanisani. Mvua ikawafukuza bustanini, wakaingia jikoni. Mmoja akaegemea ukuta, akasimama na bega lote jekundu, na vipande vya chokaa vikamwangukia kwenye kikombe. Akacheka kwa adabu. Nyie mnajua kucheka kwa adabu kulivyo, afadhali kofi. Usiku ule sikulala, na Jumatatu nikaita mafundi wa saruji kutoka mjini. Mzee Luxton, aliyekuwa akipaka kuta zetu chokaa kila masika, alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bi Thirza, hiyo kazi mi siifanyi."

"Hujaombwa," nilimwambia.

Wakapiga lipu ya saruji nje, kutoka kwenye paa mpaka chini kwenye majani. Ilikuwa safi, ngumu, ya kijivu. Nilijivunia. Kila mgeni nilimzungusha nyuma akaione.

Miaka arobaini na moja baadaye, mwezi wa Septemba, nikaona ufa umeshuka kutoka pembe ya dirisha la Ambrose. Nikamwita Denzil, mtoto wa mzee Luxton, ambaye naye sasa ana mvi, na mdomo wake haufungwi hata na msumari. Ambrose alikuwa sebuleni anasikiliza kriketi kwenye redio. Denzil akagonga saruji kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena. Akatoa kekee, akatoboa tundu karibu na ardhi. Kilichotoka kilikuwa uji mwekundu.

"Umemvisha bibi kizee koti la mpira, ukamfunga vifungo vyote," alisema. "Jasho lake lingetokea wapi?"

"Usinifundishe habari za bibi vizee, Denzil. Sema dawa."

Akafuta kidole kwenye suruali. "Dawa ipo. Kwanza mzee atoke, leo si kesho. Halafu tuweke miti ya kuegemeza. Halafu tubandue saruji kidogo kidogo, kuanzia juu, tuache upumue miezi. Ila nyumba imo kwenye daftari la majengo ya kale, hata msumari hatupigi bila kibali. Mi nitamwandikia Bi Priddy wa halmashauri."

"Atoke aende wapi?"

"Si kuna ile nyumba ya wazee mjini?"

"Denzil."

"Nasema tu, Bi Thirza. Chumba kimoja kipo, shangazi yangu kafa Jumapili."

Nilimwambia nitalifikiria. Akaniangalia, akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo: "Usiuguse lakini." Nami nilikuwa nimeshasikia nilichotaka kusikia, kwamba dawa ni kubandua saruji. Mengine yote, miti, kibali, juu, kidogo kidogo, yalipita kama maneno ya mahubiri.

Ambrose sikumwambia kitu. Nilisema Denzil alikuja kwa ajili ya mfereji wa paa.

Jumatatu nikaanza. Nilikuwa na nyundo ya baba na tindo, na nilianzia chini kwa sababu ngazi siiwezi tena. Niligonga asubuhi wakati Ambrose akiwa jikoni, upande wa pili wa nyumba, na mchana baada ya chai. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Lakini saruji ilitoka kwa vipande vikubwa, na nyuma yake udongo ulikuwa mweusi kwa maji, nami nikaona nauokoa. Niliongea nao, nakiri. Nilimwambia bibi kizee yule wa udongo: vumilia, pumua, kabla ya Krismasi utakuwa mkavu na hakuna atakayejua.

"Unagonga nini huko?" Ambrose aliuliza Jumanne, tukiwa tunakula mkate na jibini.

"Nang'oa mmea mtambaazi. Umejaa ukutani."

"Mtambaazi wa kugongwa kwa nyundo?"

"Mizizi yake migumu."

"Haya." Akatafuta kikombe chake, akakipata. "Usije ukaanguka huko nje. Nani atanisomea magazeti na kunitukania wanasiasa?"

Alhamisi, saa nane mchana, ukuta ukakaa chini. Nachagua neno hilo kwa makusudi. Haukupiga kishindo, haukuvumisha vumbi, kwa kuwa ulikuwa umelowa. Nilisikia mguno, nikarudi nyuma hatua tatu, na ukuta wa chumba cha kaka yangu, kutoka upande wa mlango mpaka kona, pamoja na dirisha, ukajishusha juu ya viatu vyake kama mtu mzito aliyechoka. Paa likabaki linaning'inia. Niliona kitanda chake, blanketi lake la bluu, slipa zake zimepangwa pamoja, vyote viko uwanjani mbele ya macho yangu.

Nilipiga kelele jina lake. Nikazunguka mbio, nikapita jikoni, ujiani. Alikuwa amesimama katika mlango wa chumba chake. Alikuwa anakwenda kuchukua sweta. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye fremu, wa kushoto ameunyoosha mbele mahali ambapo siku zote ukuta ulimpokea, na vidole vinatafuta, vinafunguka, vinafumba.

"Thirza," alisema kwa upole, "ukuta uko wapi?"

Upepo ulikuwa unampiga usoni, alikuwa ameshajua.

Denzil alikuja na miti na turubai, akaja na watu wawili, wakaegemeza paa kabla ya jua kuzama. Alipomaliza akanivuta kando. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Ile saruji ndiyo iliyokuwa imeushika, Bi Thirza. Udongo ulishakuwa uji. Saruji ilikuwa sufuria. We umetoboa sufuria chini."

"Najua sasa."

"Si nilikwambia usiuguse?"

"Uliniambia."

Akavua kofia yake akaitazama ndani. "Mzee angekuwa kitandani..."

"Nyamaza, Denzil."

Akanyamaza. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akinyamaza, na sikufurahi.

Ambrose tulimkalisha sebuleni, mbele ya moto. Nikapiga magoti karibu na kiti chake nikamwambia yote: mtambaazi wa uongo, nyundo, uji mwekundu, koti la saruji nililolinunua kwa aibu ya kikombe kimoja cha chai. Nililia kwa sauti mbaya, ya kizee. Akaniacha nimalize.

"Mi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Unalowa. Miaka kumi na moja sasa. Rangi ilikuwa inavimba chini ya kiganja, mapovu mapovu. Nikawa naibandua, natia mfukoni, nakwenda kuitupa kwenye maharagwe. Mwaka juzi nikasogeza kitanda kidogo, shuka ilikuwa inashika ukungu."

Nilimtazama. Kila siku nilifua mashuka yale.

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanyaje? Ungeita watu. Watu wangesema nitoke."

"Tungeuwahi, Ambrose. Miaka kumi na moja, tungeuwahi bila shida."

"Labda." Akaukunja mdomo. "Na ungejua ni ile saruji yako. Ulivyokuwa unaipenda. Kila mgeni unamzungusha."

Hapo nikakasirika, na nasema wazi, nilitaka kumpiga. Watu wawili wazima, wamelelewa na kasisi, wamefundishwa ukweli kila Jumapili, wanaishi chini ya paa moja miaka arobaini kila mmoja anamficha mwenzake kifo cha ukuta uleule. Halafu hasira ikaisha, nikabaki nimeshika goti lake tu.

Jumamosi nilimpeleka mjini. Chumba cha shangazi yake Denzil kilikuwa safi, kina joto, kina kengele ya kuvuta. Wasichana wa pale si wabaya. Wanamwita "mzee wetu" na wanamkatia nyama. Alisimama katikati ya chumba mikono imeshuka, akisubiri kuongozwa. Sikuwahi kumwona akisubiri. Niliendesha gari mpaka kwenye lango la shamba la kwanza nikasimama, nikalia tena, ng'ombe wakaja kunitazama.

Bi Priddy wa majengo ya kale alikuja mwanzoni mwa Novemba, mwanamke mwembamba mwenye buti kubwa. Nilijiandaa kumchukia ila hakunipa sababu. Aliinama, akachukua udongo wa ukuta ulioanguka, akaufinya.

"Huu bado mzima," alisema. "Udongo hauozi. Mkiukausha kidogo, mkaukanyaga na majani mapya, ni ukuta uleule."

"Lini?" nikamwuliza.

Denzil ndiye aliyejibu. "Majira mawili ya joto. Tabaka moja, unangoja likauke, tabaka jingine. Hauharakishwi."

"Ila urudi ulivyokuwa," Bi Priddy akasema. "Ndiyo masharti ya kibali. Nahitaji mchoro. Nipeni picha zake."

Nikatoa masanduku. Tulikaa mezani saa nzima. Picha za miaka mia na hamsini: kasisi na mkewe mbele ya mlango, kasisi mwingine na farasi, mama na kofia, harusi, ubatizo, wanajeshi wa vita vya kwanza wamepangwa chini ya madirisha matano. Zote za uso. Hakuna mtu hata mmoja, katika vizazi vyote hivyo, aliyezunguka nyuma akapiga picha. Mimi mwenyewe niliyeupenda sikuwahi.

"Bila ushahidi watatutaka tujenge wa matofali ya kawaida, tupake rangi ufanane," Denzil alisema. "Mzee akirudi atashika nini?"

Wote watatu tukamfikiria mtu mmoja.

Nilinunua daftari la mistari. Jumatano ya kwanza Ambrose alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la chumba kile cha joto, akafumba macho, jambo ambalo halina maana kwake na bado hulifanya, akanyanyua mkono wa kushoto hewani.

"Andika. Kutoka fremu ya mlango, viganja vinne, kuna tundu la msumari. Baba alitundika msalaba hapo. Chini ya tundu ukuta unaingia ndani kama umevuta pumzi. Viganja saba mbele unatoka tena, tumbo kubwa, linafika kwenye nyonga yangu. Juu ya tumbo kuna mstari, tabaka moja limeishia hapo. Juu ya mstari majani ni marefu zaidi, yanachoma. Aliyekanyaga juu si yule aliyekanyaga chini. Huyu wa juu alikuwa mvivu."

"Niandike mvivu?"

"Andika. Dirisha: pembe zake hazina ncha, zimezungushwa. Kizingiti kinateremka kuja ndani, ukiweka kikombe kinakufuata."

Mkono wake ulikuwa ukitembea hewani, nami niliuona ukuta, naapa, niliuona ukisimama pale juu ya zulia la watu. Nilijaza kurasa kumi na moja. Denzil alizisoma ndani ya gari, akazirudia.

"Huyu mzee ana macho kunishinda," alisema, akapenga kamasi kwa sauti.

Bi Priddy akachora nusu ya mchoro kutokana na kurasa zile. Ilibaki upande wa kona. Jumatano ya pili nikawa na mafua, wakanikataza kuingia. Ya tatu, Ambrose alikuwa mchangamfu lakini alisitasita. Alihesabu viganja, akarudi mwanzo, akauliza kama tundu la msumari liko kabla ya tumbo au baada. Nikamsomea. Akasema, "Ee, ndivyo," upesi mno, kama mwanafunzi aliyebahatisha. Nikajiambia ni dawa zao za usingizi.

Jumatano ya nne ilikuwa Desemba. Nilikuta amenyolewa vizuri, amevaa sweta ambayo si yake. Kiti chake walikuwa wamekisogeza karibu na kitanda, na kiganja chake cha kushoto kilikuwa juu ya ukuta wa chumba kile, ukuta wa mbao laini uliopakwa rangi ya maziwa, kikienda mbele na kurudi nyuma.

"Tumalize kona leo, kaka," nilimwambia. "Denzil anataka kuanza kuchekecha udongo."

"Naam. Andika." Kiganja kikatembea. "Ukuta umenyooka."

Niliinua kalamu. Nyumba yetu haikuwa na ukuta ulionyooka.

"Ukuta upi, Ambrose?"

"Wa chumbani kwangu. Umenyooka mpaka kona. Laini. Hauna tumbo, hauna kitu." Alitabasamu, ametulia, ana hakika. "Na ni mkavu, Thirza. Mkavu kabisa. Uliutengeneza vizuri."

Nilitazama kiganja chake kilivyofika konani, kikageuka, kikarudi bila kutafuta. Redio ya chumba cha jirani ilikuwa inaimba. Msichana mmoja alifungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu.

"Umeandika?" akauliza.

Nikamwambia nimeandika.